Msimu wa Kuiendea Duna

Mpwa wangu, ambaye ndiye aliyeniingiza katika mchezo huu na ndiye anayenicheka kila asubuhi anaponikuta nasinzia juu ya kikombe cha chai, ana itikadi moja isiyomtoka: kwamba mtu hana ruhusa ya kuziendea sayari za mbali mpaka awe amekwisha kushuka mwezini mara kumi bila ya kuvunja mguu wa chombo, ameunganisha vyombo angani akiwa amefumba jicho moja, na amefungua kila kifaa kilichomo katika ghala ya mchezo. Mimi nina itikadi nyingine, na kwa kuwa tumekwisha kubishana juu ya jambo hili barazani, mezani, na hata njiani tukienda msikitini, nimeona ni heri niiandike gazetini, ambako hawezi kunikatiza maneno.

Mchezo wenyewe ni Kerbal Space Program. Uliundwa katika mji wa Mexico na kampuni iitwayo Squad, ambayo kazi yake ya asili ilikuwa matangazo ya biashara, si michezo wala falaki. Na aliyeubuni ni Mbrazili Felipe Falanghe, ambaye katika ujana wake, yeye na wenzake, walikuwa wakifunga visanamu vya karatasi ya bati juu ya fataki na kuvirusha, na visanamu hivyo wakaviita Kerbal. Umma uliupata mara ya kwanza tarehe 24 Juni 2011, na toleo lililohesabiwa kuwa kamili likatoka Aprili 2015. Ndani yake mna jua na sayari zinazolizunguka, na moja katika hizo ni Kerbin, maskani ya viumbe wafupi wa kijani wenye macho makubwa na ushujaa usio na kiasi, ambao mchezaji huwaundia roketi kwa matangi, injini na miavuli, kisha huwarusha na kuona yatakayowafika. Jambo ambalo asiyecheza hulisadiki kwa shida ni kwamba ndani ya dhihaka hii yote mna elimu ya kweli: mvutano wa sayari, uzito wa mafuta na mwendo wa chombo hufuata kanuni zile zile, ingawa zimerahisishwa, ambazo Mrusi Tsiolkovsky alizichapisha juu ya roketi mwaka 1903, na ambazo mwanafalaki Kepler alizichapisha juu ya sayari karne tatu hivi kabla yake.

Sasa niingie katika shauri. Wachezaji hawaipimi safari kwa kilomita, bali kwa kile nitakachokiita akiba ya mwendo, yaani jumla ya mwendo ambao chombo kinaweza kujiongezea au kujipunguzia kwa mafuta yaliyomo tumboni mwake. Kutoka ardhini Kerbin hata kuizunguka sayari hiyo kwa kimo cha kilomita 80, akiba itakiwayo ni kama mita 3,400 kwa sekunde, na hapo ndipo penye jasho. Ukiwa umefika huko juu, kuuelekea Mun, mwezi wa karibu ulio umbali wa kilomita 12,000, hugharimu kama mita 860 kwa sekunde. Na kuielekea Duna, sayari nyekundu inayoshika mahali pa Mirihi katika ulimwengu ule, hugharimu kama mita 1,060. Namwomba msomaji azitazame tarakimu hizo mara ya pili, kwani mimi nilipozitazama mara ya kwanza nilidhani nimekosea kusoma. Tofauti ya kwenda mwezini na kwenda sayari nyingine ni mita mia mbili kwa sekunde, akiba ambayo tangi dogo hulipa bila ya manung'uniko. Wala si hayo tu: Mun hauna hewa, hivyo kila mwendo unaokuja nao lazima uulipe kwa mafuta, kama 310 za kunaswa na mvutano wake na 580 nyingine za kushuka, ilhali Duna ina hewa, nyembamba lakini ya kutosha kukipunguza chombo mwendo na kuifungua miavuli, hata kukishusha huko kunaweza kula mafuta machache kuliko kukishusha juu ya Mun.

Basi yule aliyekwisha kuushukia Mun mara moja, akiwa ametetemeka na kusali, tayari amekwisha kuunda chombo chenye nguvu za kufika Duna. Alichokikosa si nguvu. Amekosa kujua siku ya kung'oa nanga.

Tazama saa ya ukutani. Akrabu ya dakika hukimbia na akrabu ya saa hujikokota, na kila baada ya dakika sitini na tano na kitu ile ndefu huipita ile fupi. Kerbin ndiyo ndefu, kwani hulizunguka jua kwa siku 426 za kwao, ambazo kila moja ni ya saa sita. Duna ndiyo fupi, nayo huchukua siku 801. Chombo kinachosafiri kwa mafuta machache hakikati moja kwa moja kama mshale, bali huchora nusu ya duaradufu, kikiiacha njia ya Kerbin upande huu wa jua na kuigusa njia ya Duna upande wa pili, baada ya siku 300 hivi. Kwa hiyo hukielekezi mahali ilipo Duna, bali mahali ambapo bado haijafika. Ili wawili hao wakutane, siku ya kuondoka haina budi Duna iwe imeitangulia Kerbin kwa digrii 44, na hali hiyo hutokea mara moja tu katika kila siku 909 hivi, ambazo ni zaidi kidogo ya miaka miwili ya Kerbin. Aliyeionyesha njia hii kwa hesabu ni Walter Hohmann, mhandisi wa majengo wa mji wa Essen huko Ujerumani, katika kitabu alichokitoa mwaka 1925, wakati ambapo hapakuwa na roketi hata moja duniani iliyowahi kukaribia mwisho wa hewa. Akafa mwaka 1945 bila ya kuona chombo chochote kikiifuata njia inayoitwa kwa jina lake. Katika ulimwengu wetu wa kweli hesabu ni hiyo hiyo kwa tarakimu nyingine: kati ya Ardhi na Mirihi msimu hurudi kila siku 780, yaani miezi 26 hivi.

Msimu, nimesema, na msomaji wa pwani hatahitaji kuelezwa zaidi. Majahazi ya Oman, ya Ghuba na ya Bara Hindi yalikuwa yakitushukia kwa kaskazi, tangu Desemba hata Machi, na kurudi kwao kwa kusi; na nahodha aliyetaka kutweka hakuuliza moyo wake kama umekwisha kuwa tayari, aliuliza ni siku ya ngapi tangu Nairuzi, mwanzo wa mwaka wa mabaharia. Chombo kilichokuwa bado juu ya gogo kikipigwa kalafati wakati upepo ulipogeuka kiliachwa, hata kama fundi wake alikuwa bora wa mafundi wote, na chombo kibovu kilichokwisha kupakiwa kiliondoka. Aliyechelewa huku mpaka upepo wake ukapita alikaa, akapanga chumba, akaoa, akapata wana. Na nadhani si machache majina ya koo zetu yaliyoingia katika miji hii kwa sababu mtu mmoja alikosa upepo. Ninachotaka kukitoa katika kumbukumbu hiyo ni kwamba kwa watu wale utayari ulikuwa jambo la kalenda kabla ya kuwa jambo la ustadi: msimu ulipojulikana, kazi zote za nyuma, tangu kushona tanga hata kukopa mtaji, zilihesabiwa kutoka siku hiyo kurudi nyuma, na lililowezekana likafanywa na lisilowezekana likaachwa.

Mpwa wangu husikiliza hayo yote kwa adabu, kisha hunijibu kwa jambo ambalo ni kweli, nalo ndilo linaloufanya mjadala huu uwe mgumu. "Mjomba," husema, "kwenye mchezo hakuna kukosa upepo." Ana haki. Mchezo una kitufe cha kuharakisha wakati, na kasi yake ya juu kabisa ni mara laki moja. Nimepiga hesabu, na siku 909 za Kerbin kwa kasi hiyo hupita kwa dakika tatu na robo. Fauka ya hayo, viumbe wale wa kijani, kama mchezo ulivyotoka kwa waliouunda, hawali, hawanywi, wala hawazeeki. Waweza kuwaacha ndani ya kibweta cha chuma kwa miaka mia moja, nao watakutazama kwa macho yale yale ya furaha. Na chombo kikilipuka, kuna kitufe kingine cha kurudi nyuma mpaka pale ulipohifadhi, kana kwamba hapakutokea kitu. Kwa nini, basi, mtu aende upesi, ikiwa kungoja hakumgharimu chochote?

Jibu langu ni kwamba kungoja kunamgharimu kitu kimoja ambacho mchezo hauwezi kukiandika katika daftari zake, nacho ni mwalimu. Mun ukiushukia mara ya kumi haukufundishi zaidi ya ulivyokufundisha mara ya tatu. Safari yake ni ya saa saba na nusu, kosa lake huonekana hapo hapo, na marekebisho yake ni ya mkono na jicho. Safari ya Duna hukufundisha mambo ambayo hayapo kabisa katika Mun: kwamba kosa la mita chache kwa sekunde siku ya kuondoka huwa kosa la maelfu kwa maelfu ya kilomita siku ya kufika, na kwamba sahihisho dogo la katikati ya njia, lililofanywa mapema, huokoa tangi zima la baadaye. Elimu hii haipatikani kwa kujiandaa nayo. Nimewaona vijana waliocheza mwaka mzima wakiwa mahodari wa kushuka mwezini kama mwewe anavyoshuka juu ya kifaranga, ambao hawajapata kutoka nje ya mvutano wa Kerbin hata mara moja, na kila mwezi wanaongeza sharti jipya la kutimiza kabla ya kwenda. Wahenga wametuachia methali za pande zote mbili, za kusifu subira na za kuilaumu, kwa hiyo sitazitumia. Nitasema tu kwamba hao hawangoji msimu. Wanaikimbia safari, nao wameupa woga jina la busara.

Watu wa kweli walifanyaje? Tarehe 10 Oktoba 1960, na tena tarehe 14 ya mwezi huo huo, Warusi walirusha vyombo viwili kuelekea Mirihi. Wakati huo hawakuwa wamepeleka mwanadamu yeyote angani, kwani Yuri Gagarin alipanda tarehe 12 Aprili ya mwaka uliofuata. Na roketi iliyovibeba, iliyoitwa Molniya, ilikuwa haijapata kuruka hata siku moja kabla ya ile ya kwanza. Vyote viwili vilianguka bila ya kufika hata katika kuizunguka Ardhi. Mpwa wangu atasema kwamba huo ni ushahidi wake. Lakini msimu ulipofunguka tena mwaka 1962 walikuwapo, na kimoja katika vyombo vyao, Mars 1, kilichorushwa tarehe 1 Novemba, kiliondoka vyema na kuongea na Ardhi mpaka Machi 1963, kikiwa umbali wa zaidi ya kilomita milioni mia moja, kabla ya kunyamaza. Kutoka kuanguka hata kusikika kwa masafa kama hayo, kwa misimu miwili tu! Wangalingoja mpaka roketi ikomae, msimu wa 1962 ungewakuta wakijifunza yale waliyojifunza mwaka 1960.

Ama mfano ninaoupenda kuliko wote ni wa Marekani, na unanipendeza kwa sababu ndani yake unaiona nguvu ya msimu ikiwasukuma watu kama upepo unavyolisukuma tanga. Tarehe 5 Novemba 1964 waliirusha Mariner 3 kwenda Mirihi. Chombo kilikuwa kizima. Lakini kifuniko kilichokikinga kisichomwe na msuguano wa hewa kilikataa kubanduka, nacho, kikiwa kimefungiwa ndani ya kifuniko hicho na hakiwezi kuzifungua paneli zake juani, kikaishiwa na umeme kikafa. Ndugu yake, Mariner 4, alikuwa amesimama tayari, na juu yake kifuniko cha namna ile ile. Msimu ulikuwa unafungwa. Uliofuata ulikuwa baada ya miezi 26. Katika muda wa wiki tatu wahandisi walitafuta kosa, wakaliona, wakabuni kifuniko kipya cha metali tupu, wakakitengeneza, wakakijaribu, na tarehe 28 Novemba Mariner 4 ikaondoka. Julai 1965 ilipita karibu na Mirihi na kuleta picha 21 na sehemu ya picha ya 22, za kwanza ambazo mwanadamu alipata kuziona zilizopigwa karibu na sayari ile, zikionyesha mashimo kama ya mwezi mahali ambapo baadhi ya watu walitazamia kuona majani. Nauliza: kama Mirihi ingefikika siku yoyote, kifuniko kile kingetengenezwa kwa wiki tatu? Kingeundiwa halmashauri.

Nimefika sasa mahali ambapo haki inanilazimisha kueleza aibu yangu mwenyewe, kwani msimamo huu nilionao sikuzaliwa nao. Safari yangu ya kwanza ya Duna niliifanya kwa pupa ya mtu aliyekwisha kuziona zile mita mia mbili za tofauti na kulewa nazo. Nilijenga roketi ndefu kama mnara, nikawapakia Jebediah, Bill na Bob, mashujaa watatu miongoni mwa wale ambao kila mchezaji huanza nao, nikangoja digrii 44, nikaondoka. Kila kitu kilikwenda kwa namna ya kutia kiburi. Hewa ya Duna ilitupunguza mwendo, miavuli ikafunguka, na kwa kuwa hewa ile ni nyembamba mno kuweza kukishusha chombo peke yake, injini ikamalizia mita chache za mwisho. Wakashuka, wakachomeka bendera, nikaenda kumwamsha mpwa wangu. Alitazama kioo kwa muda, akauliza kwa sauti ya chini, "Na kurudi?" Kuinuka kutoka ardhi ya Duna hata kuizunguka huhitaji kama mita 1,450 kwa sekunde, kabla hata hujaanza safari ya nyumbani. Mimi nilikuwa nimebakiwa na 400 hivi.

Hapo ndipo nilipoifahamu sura halisi ya jambo hili. Kwenda si ghali. Kurudi ndiko ghali, na bei ya kurudi haifanani na bei ya kwenda. Mun hukutoza 580 kuinuka, Minmus, mwezi mdogo ulio mbali zaidi, hukutoza 180 tu, Duna hukutoza hizo 1,450. Ama Eve, sayari ya zambarau iliyo upande wa ndani, ni dema hasa, ule mtego wa samaki ambao mlango wake ni mpana kwa aingiaye na haupo kwa atokaye: hewa yake nzito hukushusha kama unyoya, kisha ukitaka kuondoka, mvutano wake ulio mara 1.7 ya Kerbin, pamoja na hewa hiyo hiyo iliyokupokea kwa upole, hukudai akiba iliyo zaidi ya mara mbili ya ile ya kuondoka nyumbani. Wala mafuta si deni la pekee. Aliyefika Duna kwa njia ya Hohmann hawezi kugeuka kesho yake. Lazima azingoje zile akrabu zijipange upya kwa upande wa kurudi, na hesabu yake ni kama siku 530 za kukaa. Nahodha aliyeshuka na kaskazi hakurudi na kaskazi.

Kwa hiyo rai yangu ni hii, na naitaka isomwe kwa ukamilifu wake, wala si nusu yake kama mpwa wangu apendavyo kuinukuu. Msimu wa kwanza utakaofunguka baada ya wewe kuweza kukituma chombo chochote kuuzunguka Mun, hata kama hujaushukia, hata kama ghala yako ya vifaa ni tupu nusu yake, tuma chombo Duna. Lakini kiwe chombo kisicho na mtu, chenye antena, betri na paneli za sola, wala usijali sana kama kitafika. Changu cha kwanza cha namna hiyo hakikufika. Nilisahau kuzikunjua paneli, betri ikaisha kabla hatujatoka mbali, na kwa kuwa chombo kisicho na umeme hakisikii amri, kiliipita Duna kimya kama maiti, karibu kabisa, kikaenda zake kulizunguka jua milele. Sikupata picha wala kipimo, bali nilipata kujua kwamba hesabu yangu ya njia ilikuwa sawa na kwamba ubovu ulikuwa katika kichwa changu, mahali panaporekebishika bila ya gharama. Cha pili, msimu uliofuata, kilifika.

Viumbe wenye roho, hata roho za kuchora, ni shauri jingine. Kwa hao nakubali masharti, ingawa si yale ya mpwa wangu. Sijali mtu ameushukia Mun mara ngapi. Najali kwanza kama amekwenda Minmus na kurudi. Kwani Minmus, ambao njia yake imeinama kwa digrii 6, na ambao safari yake ni ya siku tisa za Kerbin badala ya moja na kitu, humlazimisha mtu kufikiri juu ya mahali pa kukutana na wakati wa kukutana, nao ndio chuo kidogo cha safari kubwa. Na wengi huuruka kwa sababu tu uko mbali kuliko Mun, wasijue kwamba kuushukia ni rahisi zaidi. Najali pili kama ameweza kuvikutanisha vyombo viwili angani na kuviunganisha, kwa sababu siku atakapokwama, na atakwama, hiyo ndiyo njia ya pekee ya kumletea mtu mafuta. Na najali tatu kama yale mafuta ya kurudi yamekwisha kutangulia, yakiizunguka Duna ndani ya chombo kisicho na mtu, kabla ya abiria wa kwanza kufunga mkanda. Mwenye hayo matatu aende, hata kama roketi yake ni ya aibu.

Hata nguvu za roketi zenyewe si hoja kubwa kama tunavyodhani. India iliidhinisha safari yake ya Mirihi Agosti 2012, na msimu ulikuwa wa mwisho wa 2013. Hawakuwa na roketi kubwa iliyo tayari, walikuwa na PSLV, ambayo haikuweza kukitupa chombo moja kwa moja huko. Wakakirusha tarehe 5 Novemba 2013 kuizunguka Ardhi tu, kisha injini ndogo ya chombo chenyewe ikawashwa mara baada ya mara, kila kinapopita karibu na Ardhi, ikiirefusha njia yake mpaka tarehe 1 Desemba kikachomoka. Na tarehe 24 Septemba 2014 kilikuwa kinaizunguka Mirihi. Mchezaji mwenye injini hafifu anaweza kufanya hivyo hivyo, na wengi wetu tumefanya kabla ya kujua kwamba kuna taifa lililotutangulia.

Mpwa wangu ana mfano mmoja ambao sina jibu nao, na ni insafu kuutaja. InSight, chombo cha Marekani kilichokusudiwa kusikiliza mitetemo ya ardhi ya Mirihi, kilikuwa kirushwe Machi 2016. Ikaonekana kwamba chombo cha kupimia mitetemo, ambacho kililazimika kukaa ndani ya utupu usio na hewa, kilikuwa kinavuja. Hawakukirusha. Walingoja msimu mzima, wakaondoka tarehe 5 Mei 2018, wakashuka salama Novemba ya mwaka huo, na mitetemo ikasikika. Nimejaribu kudai kwamba walikosea, nikashindwa. Chombo kile hakikwenda kujifunza njia, kwani njia ilikuwa inajulikana kwa nusu karne. Kilikwenda kwa ajili ya kipimo kimoja, na kipimo hicho ndicho kilichokuwa kibovu. Anayejua hasa anakwenda kufanya nini, na kwamba hawezi kukifanya, abaki bandarini. Sisi wa michezo, katika safari zetu za mwanzo, hatujui tunakwenda kufanya nini.

Jebediah, Bill na Bob bado wako Duna. Tumekubaliana, mimi na mpwa wangu, tusikibonyeze kile kitufe cha kurudi nyuma, ila tuwafuate kwa halali. Chombo cha mafuta kimekwisha kufika na kinaizunguka sayari. Cha kuwachukua kimesimama juu ya jukwaa lake, na msimu unafunguka baada ya siku moja ya Kerbin. Juzi usiku kijana alinyoosha kidole ili aiharakishe siku hiyo ipite kwa nukta moja kama tulivyozoea, nikamshika mkono, nikamwambia kwamba hii tutaingoja kwa mwendo wake wenyewe. Alinitazama kama anayetazama mzee aliyeanza kupungukiwa. Siku ya Kerbin ni ya saa sita. Akainuka, akaenda ndani, nikadhani amekwenda kulala. Akarudi na mkeka na chupa ya chai.